Kumsifu Katibu

Ukipanda mlimani Kilimanjaro, historia ina wenyewe. Old Moshi watakutajia Mangi Rindi na mwanawe Meli. Kibosho ni Sina, Marangu ni Marealle, na Rombo watakuhadithia maboma ya mawe ya Horombo. Kila ukoo una kihamba chake, yaani shamba la ukoo, ndani ya kihamba yamo makaburi, na Desemba ikifika watoto wanarudi kutoka Dar es Salaam na Mwanza kwenda kuhesabiwa, kama wanavyotaniwa nchi nzima. Mkutano wa ukoo una mwenyekiti, una mweka hazina, na siku hizi una hata kijitabu kilichochapwa mjini, chenye orodha ya vizazi na picha ya babu aliyevaa koti.

Sisi wa Mabogini tuko chini. Unateremka kutoka mjini Moshi kwa barabara ya TPC, joto linapanda, migomba inapungua, mpunga unaanza. Hapa hakuna mangi, mtawala mmoja ambaye sote tunaweza kumwita wetu. Wapo Wakahe, ambao wazee wao waliijua tambarare hii kabla ya barabara. Wapo Wachaga ambao walikuwa wakishuka kulima mahindi na kupanda tena na mizigo kichwani, mpaka msimu mmoja hawakupanda. Wapo Wapare. Wapo ambao baba zao walitoka mikoa ya mbali kuja kukata miwa ya Tanganyika Planting Company, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1930 na A.P. Møller wa Denmark, huyo huyo wa meli za Maersk. Na wapo waliofuata mpunga. Kila mmoja ana historia ya alikotoka. Ya hapa tulipo haina ukoo wa kuitunza, kwa hiyo inatunzwa na kikundi.

Kuanzisha kikundi si kazi. Watanzania tumelelewa vikundini: kwaya, VICOBA, kikundi cha kuzikana, chama cha wakulima wa mpunga. Aliyewahi kukaa kwenye kimojawapo anazijua taratibu zote: ada ya mwezi, faini ya kuchelewa, dua ya kufungua, chai ya maziwa, mihogo ya kuchemsha, na mwanachama mmoja ambaye simu yake lazima ilie mwenyekiti akisimama. Chetu ni hivyo hivyo. Msimulizi naye hakosekani, maana hakuna kijiji kisicho na mzee mwenye sauti. Anayekosekana ni katibu. Vikundi vya namna hii huanza kwa shangwe na kufa baada ya masika mawili kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukaa pembeni, akaandika, akanyamaza.

Wetu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Tunamwita Mwalimu, hata wanaomzidi umri. Miaka ya sabini alifundisha ngumbaru jioni, watu wazima kwa taa ya chemli, na nadhani huko ndiko alikozoea kumsomea mtu maneno yake mwenyewe bila kumcheka. Daftari lake ni la kaunta, jalada gumu jeusi. Kila ukurasa ameupiga mstari wa rula katikati. Kushoto anaandika kilichosemwa. Kulia anaacha wazi.

Kikao kinachofuata, kabla ya jambo jingine lolote, anasoma. Kwenye vikundi vingine ajenda ya kusoma na kuthibitisha muhtasari hupita huku watu wakiulizia chumvi: mmoja anasema nathibitisha, mwingine anaunga mkono, imekwisha. Kwetu hiyo ndiyo kazi yenyewe, na yatokanayo yanaweza kula mchana wote.

Nitoe mfano mmoja. Mzee mmoja alitusimulia kwamba mfereji wa zamani, ule uliokuwa ukipita kabla ya mifereji ya zege, ulichimbwa na baba yake. Alisimulia vizuri, mikono ikichimba hewani, na sote tulimwona huyo baba akiwa na jembe. Kikao kilichofuata Mwalimu akasoma, kwa ile sauti yake ya imla: "Mfereji ulichimbwa na baba wa msemaji." Mzee akatazama chini. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akasema, "Mwalimu, futa hapo. Baba aliusafisha. Aliukuta." Mama mmoja aliyeolewa hapa akitokea Upareni akadakia: na wanawake waliobeba udongo kwa ungo je, nao waliukuta? Watu wakacheka, mzee naye. Mwalimu hakufuta kitu. Kushoto aliacha baba anachimba. Kulia akaandika kwamba msemaji amerekebisha: baba alisafisha, waliochimba hawajajulikana, wanawake walibeba udongo kwa ungo, na nani kasema hivyo, na tarehe.

Mzee yule hakuwa mwongo. Anayesimulia huchukuliwa na pumzi yake. Macho ya wasikilizaji yanamsukuma, na mtu anayesikilizwa vizuri huongeza chumvi bila kukusudia. Neno lako likirudi kwako baada ya wiki nne, kwa sauti ya mtu mwingine, mbele ya watu wale wale waliomjua baba yako, unalisikia kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo unapojua kama unalikubali. Kazi ya katibu ni kuitengeneza hiyo nafasi na kuilinda, na nasema bila kusitasita kwamba hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika kuhifadhi historia, ngumu kuliko kusimulia na ngumu kuliko kuchapisha.

Mlima huu haujakosa waandishi. Nathaniel Mtui wa Marangu alijaza madaftari kuhusu historia ya Wachaga mapema katika karne iliyopita. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi Old Moshi miaka mingi, aliyatumia, na Kathleen Stahl naye akayatumia katika historia yake ya Wachaga iliyotoka mwaka 1964. Petro Itosi Marealle aliandika kwa Kiswahili juu ya maisha ya Mchaga hapa duniani na ahera. Jirani yetu wa Upare, Isaria Kimambo, aliwakalisha wazee wa Kipare, akasikiliza mapokeo ya koo moja baada ya nyingine, na mwaka 1969 akatoa kitabu juu ya historia ya siasa ya Wapare kabla ya ukoloni. Mwaka mmoja kabla yake wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam walikuwa kusini na madaftari yao, wakiwauliza wazee juu ya Majimaji kabla hawajaisha.

Nawavulia kofia wote. Bila Mtui mambo mengi yangezikwa na wenyewe. Lakini msomaji wa vingi kati ya vitabu hivyo alikuwa mbali. Cha Stahl kilichapwa Uholanzi, kwa Kiingereza, na mzee aliyemsimulia angepaswa kwanza kujifunza lugha hiyo ndipo ampinge. Katibu wa kikundi hana anasa ya msomaji wa mbali. Msomaji wake amekaa kwenye benchi mbele yake, anakula mhogo, na shamba lake linapakana na shamba la mtu anayetajwa kwenye sentensi ya tatu. Ukiandika hivyo huwezi kupamba. Huwezi pia kuwa mkatili.

Kabla ya kuandika kuna kuuliza, na hapa nako wengi wanakwama. Ukimwambia mzee wa Mabogini, "Tuelezee historia ya kijiji," atanyoosha shati na kukupa risala, kama vile mgeni rasmi amefika: kijiji chetu kilianza, kina idadi kadhaa ya kaya, mafanikio, changamoto. Mwalimu haulizi hivyo hata siku moja. Anauliza maji ya kunywa mlichota wapi. Anauliza nyoka aliyekuwa akiogopwa sana alikuwa yupi, mgonjwa wa homa alibebwa na nini mpaka mjini, wakati wa unga wa yanga mliupikaje ukapikika. Hilo la mwisho liliwahi kutupa kikao kizima, na ugomvi juu ya kama unga ule wa njano ulikuwa mchungu au tuliuonea tu.

Tarehe nazo hazipatikani kwa kuuliza tarehe. Mtu hakumbuki mwaka 1978, anakumbuka kwamba kaka yake aliondoka kwenda Vita vya Kagera na baiskeli yake ikabaki. Anakumbuka mvua za El Nino, anakumbuka mwenge ulipowashwa juu ya mlima usiku wa Uhuru wa mwaka 1961, ingawa hapa ipo mizozo juu ya nani kweli aliuona mwanga na nani aliusikia redioni. Mama mmoja alituambia kwamba mwanawe wa kwanza alikuwa anatambaa trekta za Wajapani zilipoanza kusawazisha ardhi. Mwalimu akauliza huyo mtoto alimaliza darasa la saba lini, akahesabu kurudi nyuma pembeni mwa ukurasa kwa penseli, na tukapata mwaka bila mtu kutahiniwa.

Hizo trekta ndizo zilizoifanya historia ya hapa iwe ngumu. Mradi wa Lower Moshi ulijengwa miaka ya themanini kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Maji yalitolewa mto Rau na chemchemi za Njoro, yakaletwa kwa mifereji ya zege hadi Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria. Hekta kama 1,100 zikawa za mpunga, na mbegu iliyotamba ilikuwa IR54, iliyotoka Ufilipino. Wanaokumbuka mavuno ya miaka ile ya mwanzo bado husema kwa macho yaliyopanuka. Ila ili maji yatembee sawasawa, ardhi ilipaswa kulazwa. Viploti vya zamani, vilivyokuwa na kona za ajabu kufuata kichuguu na mti, vikavunjwa na kukatwa upya kwa mistari iliyonyooka. Mashine ilifanya kazi safi. Na mashine hiyo hiyo ilifuta ramani ambayo watu walikuwa wameibeba vichwani tangu utoto.

Kwa hiyo mara moja moja kikundi hutembea. Nakumbuka tumesimama juu ya ukingo wa mfereji, jua la saa nne, mpunga kushoto na kulia hadi macho yanapochoka, na mzee wa Kikahe anatafuta mkuyu ambao haupo. Aligeuka kwanza akautazama mlima. Kibo ilikuwa wazi siku hiyo. Akageuka kusini kuliko na kiwanda cha sukari. Akapiga hatua kadhaa, akarudi mbili, akashuka kwenye jaruba na viatu vyake akiwa haangalii anakanyaga wapi, akasimama kwenye matope. "Hapa. Mizizi ilikuwa inafika pale ulipo wewe, mama." Mwalimu hakuuliza shamba lilikuwa la nani. Aliuliza chini ya mkuyu kulikuwa kunafanyika nini.

Hiyo ni sheria yake, na haipendwi na wote. Daftari linaandika mti ulisimama wapi, njia ilipita wapi, nani alikaa jirani na nani. Haliandiki mpaka. Mwenye kesi ya mpaka aende baraza la ardhi. Wapo wanachama wanaouona huo ni woga, kwamba historia isiyosema shamba ni la nani ni nusu historia. Nawaelewa. Lakini nimeona pia jinsi kikao kinavyobadilika mara tu mtu anapohisi kwamba anachosema kinaweza kwenda mahakamani: wazee wanaanza kuongea kama mashahidi, kila mmoja anamtazama mwanawe kabla ya kujibu, na kumbukumbu zote zinakauka. Bora nusu iliyo hai. Kuhusu maji yenyewe, kwamba watu wa juu ya mto Rau nao walianza kulima mpunga na yanayofika kwetu yakapungua, hilo limeandikwa kwa urefu, na upande wa kulia wa kurasa hizo umejaa hadi pembeni.

Jambo jingine lililojaza upande wa kulia ni mangi wa watu wengine. Wanachama wenye asili ya Old Moshi walitaka habari za Meli ziandikwe: kwamba Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake, kwamba mti bado upo, kwamba fuvu lake linaaminika lilipelekwa Ujerumani na familia imelitafuta miaka na miaka. Mwaka 2023 huko Berlin ilitangazwa kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata jamaa walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro. La Meli halikupatikana. Kikao kilikuwa kimya kwa heshima. Kisha yule mama wa Upareni, ambaye kwao hasa ni Ugweno, akasema pole sana kwa Meli, alikufa kishujaa, lakini msisahau kwamba baba yake Rindi aliwatuma vijana wake kwetu wakachukua ng'ombe na watu. Bibi zetu walijificha.

Mahali pengine hapo ndipo kikundi kingepasuka. Mwenyekiti alikuwa ameshafungua mdomo kuomba tuwe na umoja. Mwalimu akamwomba kwanza mama arudie polepole, ili aandike. Kitendo hicho chenyewe, kalamu kutembea na watu wote kusubiri kalamu imalize, kilipoza chumba kuliko hotuba yoyote ya umoja. Meli akakaa kushoto. Ugweno ikakaa kulia, kwenye ukurasa huo huo. Mzee wa Old Moshi aliomba tu iongezwe kwamba na yeye amesikia.

Kuna faida moja ya kikundi hiki ambayo hatukuitarajia, nayo iko makaburini. Huku kwetu historia pekee inayosomwa hadharani kwa kila mtu, tajiri na maskini, ni historia fupi ya marehemu. Jeneza lipo, maturubai yamefungwa, spika inakwaruza, na mpwa mmoja anasimama na karatasi. Marehemu alizaliwa mwaka fulani akiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto tisa. Alisoma, aliajiriwa, aliugua kwa muda mfupi, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Bwana ametoa. Karatasi hizo zinafanana hadi unaweza kubadilisha majina tu. Karatasi yenyewe imeandikwa saa saba usiku na mtu aliyelia mchana kutwa, simlaumu.

Sasa familia zimeanza kumwendea Mwalimu. Anafungua daftari, anatafuta alichosema marehemu akiwa hai, na kama hakuwa mwanachama anatafuta yaliyosemwa juu yake. Msiba mmoja wa hivi karibuni ulikuwa wa mkata miwa wa zamani, mtu mkimya, ambaye wengi tulimjua kwa kofia yake tu. Katika historia yake ikasomwa jinsi alivyotembea kwa miguu kutoka stesheni siku aliyofika akiwa kijana, akiuliza njia kwa Kiswahili ambacho hakijakaa sawa, na mwanamke asiyemjua akampa maji na kumwelekeza. Halafu ikatajwa nyumba ya huyo mwanamke. Wajukuu zake walikuwapo pale pale, wameketi chini ya turubai la pili, na hawakuwa wakijua. Nimehudhuria mazishi mengi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona watu wakigeuka kutazamana katikati ya wasifu.

Sitaki kumpaka mtu mafuta. Kikundi kinachosha. Vikao vingine vinaisha kwenye ada, nani hajalipa miezi mingapi, na sukari ya chai ilinunuliwa kwa bei gani. Daftari la kwanza lilionjwa na mchwa, kurasa za mwanzo zina matundu, na Mwalimu akaziandika upya huku akituita tuyakumbuke maneno yaliyoliwa. Vijana wanakuja kurekodi kwa simu, wanarekodi vizuri, halafu simu inaibiwa au memori inajaa picha za harusi. Mwalimu hawakatazi. Anachosema ni kwamba rekodi hakuna anayeisikiliza yote, na asiyesikiliza yote hawezi kusahihisha. Kijana mmoja wa bodaboda amempinga kwa vitendo: anakuja kabla ya kikao, anasikiliza tena rekodi kwa spika za masikioni, na anamtajia Mwalimu alichoruka. Mwalimu anaandika, upande wa kulia, kwa herufi ndogo: katibu ameruka.

Majuzi alikuja mwanafunzi wa chuo, binti mwenye adabu, shikamoo kwa kila mtu hadi mwisho wa benchi. Anaandika juu ya skimu za umwagiliaji. Aliomba kupiga picha daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, na alikuwa na barua yenye muhuri. Mwenyekiti alitaka kukubali palepale, maana muhuri una nguvu zake. Mwalimu akaomba jambo liende kwa wanachama, kwa kuwa daftari si lake wala si la mwenyekiti.

Ikajadiliwa hadi chai ikapoa. Wengine walisema historia ni ya taifa. Mzee wa mfereji akauliza kama binti akishaandika atarudi kuja kusoma. Binti akasema atajitahidi. Mzee akasema kujitahidi siyo tarehe. Mwisho wakakubaliana apewe kurasa za mifereji, pande zote mbili, kushoto na kulia, na asitumie upande mmoja peke yake. Kurasa za ndoa na za misiba zibaki. Na sura yake itakayotaja Mabogini aje aisome hapa, kwa sauti, kabla hajaikabidhi kwa mwalimu wake wa chuo. Binti alitoa kalenda kwenye simu, akataja Jumapili, Mwalimu akaiandika. Mweka hazina akamkumbusha kwamba akichelewa kuna faini.